Daraja la Tatu: shajara ya filamu ya rafiki aliyeandika safari

Rafiki yangu alifariki Novemba 2024. Kwa zaidi ya miaka 20 aliandika safari za humu humu nchini: treni, meli za ziwani, malori ya chumvi, mabasi ya usiku. Kwa ajili ya makala hakuwahi kupanda ndege, na kwenye treni alikata tiketi ya daraja la tatu hata pale gazeti lilipokuwa tayari kulipia la pili. Mimi ni mpiga video wa Morogoro. Kazi yangu ni harusi, kipaimara na mikutano ya vikundi. Filamu ndefu ni mara ya kwanza. Shajara hii ni kwa yeyote mwenye marehemu wake na kasha la kanda, aone pesa ilipoingia na ilipoteketea. Jina lake silitaji kwa ombi la familia.

2 Februari 2025: Kilichopo mkononi

Shemeji, yaani mjane wake, ametukabidhi kila kitu: kaunta buku zilizoandikwa pande zote mbili, kasha la viatu lililojaa kanda ndogo za diktafoni (kirekodi sauti cha mkononi), bahasha za picha na makala zilizokatwa gazetini. Kompyuta yake haiwaki. Kurasa zote tumezipiga picha kwa simu, mezani karibu na dirisha, mmoja anafunua mwingine anapiga, faili inapewa namba ya daftari na ya ukurasa.

Kabla ya kugusa kingine tulimaliza suala la haki. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki ya mwandishi haifi naye. Inaendelea kwa miaka 50 baada ya kifo chake, na wenye mali ni warithi. Shemeji ndiye msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ya mwanzo, kwa hiyo ruhusa yake ndiyo inayohesabika, si ya kaka wala ya rafiki. Ametusainia barua mbele ya wakili inayotaja madaftari, kanda na picha kimoja kimoja. Nanyi andikeni hivyo hivyo. Barua inayosema "kazi zote za marehemu" inaonekana pana, ila siku ya ubishi hairuhusu kitu chochote mahususi.

Mpango wa leo: kufuata Reli ya Kati kama alivyoifuata yeye hadi Kigoma, kisha kupanda meli Liemba, huku msimulizi mwenye sauti nzuri akisoma maandishi yake juu ya mandhari. Nauweka hapa ulivyo ili msomaji auone ulivyokufa.

23 Februari 2025: Kanda

Diktafoni ilikuwa imekufa. Ule mkanda wa mpira unaozungusha magurudumu umeyeyuka na kuwa lami. Fundi redio wa sokoni alikwangua lami, akasafisha kichwa kinachosoma kanda kwa spiriti na pamba, akaweka mkanda aliouvua kwenye redio kaseti iliyokufa kwa ugonjwa mwingine. Shilingi 35,000, na akatuonya tusiwahi kurudisha kanda nyuma kwa kasi, maana ndipo zinapokatika. Sauti tunaiingiza kwenye kompyuta kwa kifaa cha kuingizia sauti cha 180,000, faili za WAV, 48 kHz, biti 24.

Kanda zenye ukungu mweupe msizitie kwenye mashine hata kwa "kujaribu tu." Ukungu unahamia kwenye kichwa na kutoka hapo unaambukiza kanda nyingine zilizo safi. Zile ambazo kasha lake limefungwa kwa skrubu tulizifungua nje, kivulini, tukazipiga brashi kavu laini. Zilizochomelewa, yaani kasha halina skrubu za kufungua, tumeziweka kwenye mfuko wenye vipakiti vya kukausha unyevu, zinasubiri mtu mwenye vifaa. Iliyokatika iunganishwe kwa utepe maalumu wa kanda. Selotepu ya dukani gundi yake inachuruzika na kugandisha mizunguko ya jirani.

Tatizo kubwa lilikuwa kasi. Diktafoni hizi zina mwendo wa aina mbili, sentimita 2.4 na 1.2 kwa sekunde, na yeye kwa ubahili wa kanda alitumia ule wa polepole. Hilo ni swichi tu. Lakini pia alitumia betri hadi tone la mwisho. Betri inapochoka mashine inarekodi kwa kusuasua, na ukija kuisikiliza kwenye mashine yenye nguvu mtu anaongea mbio, sauti nyembamba. Mwandishi wetu, mtu wa kuvuta maneno, akawa kama mtangazaji wa mpira dakika ya 90.

Tulianza kurekebisha kwa masikio. Kila mmoja akawa na marehemu wake: mimi nasema hapa ndipo, shemeji anasema huyo bado anakimbia. Kilichotuokoa ni taa. Alikuwa na desturi ya kusimulia siku yake usiku, chumbani gesti, chini ya taa ya tyubu, na choki, kile kifaa kinachodhibiti umeme wa tyubu, inanguruma. Umeme wetu ni wa hezi 50, na choki hunguruma kwa mara mbili yake, yaani 100. Ukifungua sauti hiyo kwenye programu ya kuonyesha masafa (tunatumia Audacity, ni bure) utaona mstari mwembamba ulionyooka chini ya maneno. Kwenye kanda moja ya Urambo mstari ulikuwa kwenye 112. Maana yake kanda inakimbia, na kasi inatakiwa ishushwe hadi asilimia 89.3, ambayo ni 100 gawanya kwa 112. Tulipoishusha, shemeji hakusema kitu. Alivuta kiti karibu.

Mambo mawili hapo. Tumieni amri ya kubadili kasi, si ile ya kubadili mwendo bila kugusa wembamba wa sauti, kwa sababu vyote viwili vimeharibika pamoja na vinatakiwa virudi pamoja. Na betri inashuka kadiri kanda inavyokwenda, kwa hiyo katani sauti vipande vya dakika chache na kila kipande mkipime upya. Zilizorekodiwa ndani ya treni hazina mngurumo wa umeme. Hizo tumezilinganisha na sauti yake ya gesti iliyokwisha kunyooka, na mwamuzi ni shemeji.

Kanda bora hadi sasa ni ya Januari 2010, baada ya mafuriko kung'oa reli kati ya Kilosa na Gulwe. Anaongea na abiria waliokwama. Anauliza swali moja kisha ananyamaza, na mtu anaendelea kwa dakika nzima bila kusukumwa. Mimi ninayelipwa kuhoji watu sijawahi kunyamaza muda ule.

16 Machi 2025: Karatasi

Gazeti moja alilokuwa akiliandikia linasema makala ni zake, picha zilizochapwa nazo ni za gazeti. Mkataba haupo upande wowote. Tumeamua kutumia tu picha ambazo negativu zake au nakala za studio ziko kwenye bahasha za nyumbani, na kusoma kutoka kwenye daftari badala ya ukurasa uliochapwa. Na daftari limeandikwa vizuri zaidi, hata kama halijanyooka.

Ugumu mwingine ni wimbo. Kwenye kanda ya Tabora yuko baa, mzee mmoja anamsimulia alivyofanya kazi ya kupakia tumbaku, na nyuma yao redio inapiga muziki wa dansi mwanzo hadi mwisho. Mwenye haki ya wimbo hatujampata. Tulijaribu programu ya kutenganisha sauti na ala: muziki ulipungua, ila ukaondoka na nusu ya mzee. Mwishowe maneno yake tutayaandika kwenye skrini, kimya, mstari mmoja mmoja. Ukirekodi mtu baa, mwombe mwenye baa azime redio. Ni soda moja tu.

Kibali cha Bodi ya Filamu tumeomba. Zaidi ya hicho ukubali kubeba barua za utambulisho: ya wilaya, ya mtendaji wa kata na ya kituo cha reli. Ofisi moja ilituzungusha kwa sababu barua ilisema "filamu" na wao walielewa maigizo; tulipoandika "filamu ya kumbukumbu ya maisha ya marehemu" ikapita siku hiyo hiyo. Droni hatutumii. Inadai kibali chake cha mamlaka ya anga, na huyu bwana hakuandika mahali popote kutokea juu.

13 Aprili 2025: Sauti ya nani?

Tulimlipa mtangazaji mzoefu wa redio 400,000 asome kurasa alizochaguliwa. Akasoma vizuri sana, na ndilo tatizo. Marehemu aliandika kama mtu anayehesabu chenji: bei ya karanga Manyoni, nani alikaa juu ya gunia la nani, choo cha behewa kilivyofungwa kwa kamba. Kwenye sauti ile nzito kila karanga ikawa msiba wa kitaifa. Tulimwomba asome kwa wepesi. Akapunguza sauti tu, uzito ukabaki. Kazi hiyo haitatumika. Pesa yake ni halali na imekwisha.

Kijana anayenisaidia kuhariri alipendekeza tutengeneze sauti ya marehemu kwa akili mnemba, maana kanda tunazo za kutosha kuifundisha. Nilimpelekea shemeji pendekezo hilo kama lilivyo. Alisema, "Alichosema kimo kwenye kanda. Ambacho hakusema msimsemeshe." Hatukuliongelea tena.

Masika hayajaisha, kwa hiyo hatusafiri. Tumetumia muda huu kuorodhesha watu waliotajwa kwenye daftari kwa sehemu na kazi: muuza asali wa Itigi, mhudumu wa behewa la chakula, baharia wa Kigoma, mwenye gesti wa Uvinza. Wazo jipya ni kwamba wasome wenyewe yaliyoandikwa juu yao.

15 Juni 2025: Reli, Dodoma hadi Tabora

Tulifika Dodoma kwa SGR, ile reli mpya, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma muda mfupi baadaye. Safari nzuri, na kwa filamu hii haina faida yoyote. Madirisha hayafunguki. Robo ya daftari zake ni biashara ya dirishani: mikono inayopanda na mayai, miwa, asali kwenye chupa za maji, na ule ujanja wa kushika noti hadi chenji ionekane. Kwa hiyo upigaji wenyewe umeanzia Dodoma, kwenye reli ya zamani ya geji ya mita.

Mambo ya kamera kwa ufupi. Usiku, taa za stesheni zinapepesa kwenye video ukipiga kwa shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya sekunde 1/60. Wekeni fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50. Simu inarekodi kwa fremu zinazobadilika-badilika, na midomo inaachana na sauti kadiri klipu inavyorefuka. Zigeuzeni kwa programu ya HandBrake ziwe za fremu thabiti kabla ya kuhariri, si baada. Upepo wa Singida utawaharibia sauti yoyote: mahojiano yote ya Itigi tumeyafanya ndani ya Noah ya kukodi, madirisha juu, blanketi nyuma ya mhojiwa, dereva ameahidiwa soda azime feni.

Muuza asali tulimpata kwa kuonyesha picha kwa bodaboda wa kwanza tuliyemkuta kituoni. Ni mama wa makamo, bado anauza. Tulimchapia ukurasa wake kwa herufi kubwa, akauchukua nyumbani usiku, na asubuhi akaja ameuvaa moyoni. Akawa anakariri. Macho mbele, mikono imenyooka, sauti ya mwanafunzi mbele ya mkaguzi. Tukajaribu kumpa ukurasa asioujua, akasoma kwa kujikwaa na kuona haya. Yote mawili hayafai.

Tukiwa tunafunga vifaa, binti yake aliuokota ukurasa wa kwanza na kuanza kumsomea kwa sauti, kwa mzaha. Kamera ilikuwa bado inawaka na inamtazama mama. Alisikiliza na kidole gumba kikizungusha kifuniko cha chupa ya asali, anafungua, anafunga. Ilipofika pale marehemu alipoandika kwamba huyu ni mjane anayesomesha watoto sita kwa nyuki, kidole kikasimama. "Mjane?" Akageuka kuelekea mtu aliyekuwa akiziba pancha ya baiskeli chini ya mwembe. "Baba fulani, njoo usikie, umeshazikwa."

Mume akaja na pampu mkononi. Wakasikiliza wote wawili hadi mwisho, wakisahihisha: watoto ni wanne, wawili ni wa dada, nyuki ni wa mume, siku ile alikuwa msituni kwenye mizinga na mkewe hakuulizwa yuko wapi. "Alinunua chupa mbili, alilipa vizuri," akasema mama. "Ila huyo ndugu alipenda kuhurumia watu haraka."

Hiyo ndiyo filamu. Tangu hapo kanuni yetu ni moja: mtu wa familia asome, kamera itazame anayesikiliza, na hakuna kuwapa ukurasa kabla. Maiki mbili, moja ya kifungo, ya kubana nguoni, kwa msikilizaji na nyingine kwa msomaji hata kama haonekani.

Mhudumu wa behewa la chakula, sasa mstaafu Tabora, alisikiliza yake bila kubadili uso, akasema wali ule ulioandikwa kuwa mbichi haukuwa mbichi, treni ndiyo iliyokuwa imesimama mno.

6 Julai 2025: Uvinza na Kigoma

Liemba iko kwenye matengenezo, hivyo safari ya ziwani kama alivyoifanya haipo. Tulipiga maboti yakipakia pale Kibirizi, Kigoma, na kubana picha zake za zamani katikati, juu ya sauti ya kanda: mitumbwi inagonga ubavu wa meli usiku, mtu anapokea mtoto, mtu analilia kuku wake. Picha zake za meli ni mbaya, nyingi zimetikisika. Sauti inazibeba.

Baharia mstaafu alisomewa na mjukuu wake ile makala maarufu ya Liemba. Alimruhusu afike pale palipoandikwa kwamba Waingereza waliizamisha, akainua mkono. Meli, akasema, iliundwa Papenburg 1913, ikaletwa vipande vipande kwenye makasha, ikapanda reli, ikaungwa hapa Kigoma na kuitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe wasije wakanyang'anywa, na kabla ya kuizamisha walipaka mashine grisi. Waingereza ndio walioiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. "Kama ingezamishwa na adui, nani angepaka grisi? Huyu kijana alikuwa anaandika huku anataka kushuka." Kiha kilichochanganyika hapo tumekiwekea maandishi ya Kiswahili chini, na mzungumzaji mwingine wa Kiha ameyapitia.

Uvinza, mwenye gesti alitoa daftari lake: mgeni huyo, yaani marehemu, aliondoka alfajiri na treni, usiku wa mwisho haukulipwa. Tulizima kamera. Kipande hicho hakitaingia, kwa sababu mwenye kujibu hayupo. Nilimpigia shemeji, akatuma pesa kwa simu kabla hatujafika stesheni, pamoja na ya kutolea. Deni la marehemu halilali.

24 Agosti 2025: Mezani

Mkato wa kwanza, yaani filamu ilivyounganishwa mara ya kwanza, ulianza na historia: Waswahili walioandika safari zao kabla yetu, zile simulizi alizokusanya Carl Velten na kuchapwa 1901, na Selim bin Abakari aliyefika hadi Siberia na kuieleza baridi yake kwa Kiswahili. Marehemu alimpenda sana Selim na alijiona wa ukoo wake. Nilishughulikia utangulizi huo kuliko sehemu nyingine yoyote. Tulipowaonyesha majirani wachache walianza kuangalia simu, na wakaziweka chini pale binti wa Itigi alipoanza kusoma. Utangulizi umeondoka wote. Selim amebaki kwenye sentensi moja ya kanda, marehemu akimtaja mwenyewe.

Ugomvi ulikuja kwa mdogo wa marehemu. Aliona mkato wa pili akasema tumemfanya kaka yake mwongo: kila aliyeandikwa anamsahihisha, na yeye yuko kaburini. Ni hoja ya haki na nimelala nayo. Jibu langu ni kwamba watu hawa wamembishia kama wanavyombishia mtu aliye sebuleni, na kwa muda wa filamu yumo sebuleni. Halikumtosha. Alitaka Itigi itoke. Shemeji, mwenye uamuzi, akasema Itigi inabaki, ila mwishoni mwa kipande hicho tuweke sauti ya marehemu ya usiku ule ule, akijiuliza chumbani kama amemwelewa yule mama. Kanda hiyo ipo, ya gesti, yenye mngurumo wa choki. Tumeiweka bila kuusafisha. Mdogo mtu bado hajafurahi.

5 Oktoba 2025: Sauti, onyesho, hesabu

Studio ilichanganya sauti kwa 350,000. Tulitoa matoleo mawili: la LUFS −23 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa televisheni ikitokea, na la sauti ya juu zaidi kwa simu, kwa sababu watu wengi wataliona huko. Mngurumo wa kanda msiusafishe hadi mwisho. Kila tulipozidisha, herufi "s" na "sh" zilikuwa zinamezwa.

Onyesho la kwanza lilikuwa uani kwa shemeji, projekta na viti vya kukodi, 170,000. Muuza asali na mumewe tuliwatumia nauli wakaja. Filamu ni ya dakika 52. Walicheka sehemu ambazo sikuzitarajia, hasa ule wali.

Hesabu yote: fundi 35,000, kifaa cha sauti 180,000, diski mbili za kuhifadhia faili, za 2TB, 480,000, msimulizi ambaye hatukumtumia 400,000, nauli, Noah na kulala (pamoja na nauli ya wageni wa onyesho) 1,150,000, vibali, barua, nakala na bodaboda 260,000, kijana wa kuhariri 600,000, studio na onyesho kama nilivyotaja. Jumla 3,625,000, nyingi ikitoka kwenye harusi za msimu. Ningeanza upya ningekata msimulizi na kununua diski ya tatu, kwa sababu kanda zilizochomelewa bado zipo na nafasi imekwisha.

Kilichobaki: kumpata mtu wa kufungua kanda hizo bila kuzivunja, jibu la gazeti kuhusu picha moja ya Kaliua ambayo nakala yake nyumbani hatukuiona, na nakala ya filamu kwa mwenye gesti wa Uvinza, ambaye ameuliza kwa nini yeye hayumo.